Habari za Maisha ya Martin Kayamba, Karani Aliyetumwa Kusema

Siku hizi mji wetu wa Dodoma umezoea kuwaona wabunge. Bunge likikutana, nyumba za wageni hujaa, na huko vijijini watu huketi karibu na redio wasikie kama mbunge wao amesema neno juu ya kisima au barabara. Watoto wetu hudhani kwamba mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Sivyo. Zilikuwako siku ambazo Mgogo, na Mbondei, na Mhaya, na Mnyamwezi, wote hawakuwa na mahali pa kusimama mbele ya Serikali ili neno lao lisikiwe na kuandikwa. Waliamriwa, wakahesabiwa, wakatozwa kodi, na mambo yao yakaamuliwa na watu wengine.

Kwa hiyo mwezi huu nataka kuwaletea habari za mmoja wa watu wa kwanza waliotumwa kusema kwa ajili ya nchi hii mbele ya wakubwa wa ulimwengu. Jina lake Martin Kayamba. Hakuwa mtemi, wala hakuongoza jeshi, wala hakuchaguliwa kwa kura, maana kura hazikuwako kwa Mwafrika. Alikuwa karani. Hata hivyo wanaochunguza mambo ya kale ya siasa za Tanganyika hawawezi kumpita, kwa kuwa njia aliyoipita yeye kwa kalamu ndiyo waliyoifuata wengine baadaye kwa mikutano na kura.

Jina lake kamili lilikuwa Hugh Martin Thackeray Kayamba, naye alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, katika kisiwa cha Unguja. Kwetu sisi Walutheri mwaka huo si mgeni: ndio mwaka ambao wamisionari wa kwanza wa Betheli walifika Mlalo, katika milima ya Usambara, wakaanza kazi ambayo matunda yake tunayala hata leo. Na milima hiyo si mbali na Bonde, nchi ya baba zake Kayamba.

Mbweni palikuwa mahali pa namna ya pekee. Misheni ya Waingereza iitwayo UMCA ilikuwa imeinunua shamba hilo ili kuwaweka watumwa waliokombolewa baharini, wapate nyumba, na mashamba, na mafundisho. Jina la Thackeray lilijulikana sana hapo, kwa sababu Bibi Caroline Thackeray ndiye aliyesimamia shule ya wasichana kwa miaka mingi. Lakini jamaa ya Kayamba hawakuwa watu waliokombolewa. Walikuwa Wabondei wa nasaba ya kitawala. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa amesomeshwa na misheni hata akapelekwa Uingereza kusoma, jambo lililokuwa nadra sana wakati ule, kisha akarudi akawa mwalimu.

Msomaji na aangalie vema jambo hili, maana linaeleza mengi yatakayofuata. Mtoto huyu alizaliwa Unguja, na Unguja ilikuwa imewekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890, mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa kwake. Lakini nchi ya kabila lake, Bonde, ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazungu walikuwa wamechora mstari wao baharini na nchi kavu bila kuwauliza wenyeji, na mstari huo ukapita katikati ya nyumba yake. Basi tangu tumboni mwa mama yake alikuwa mtu wa pande mbili, na maisha yake yote alikaa mpakani hivyo, akichukua neno la huku kulipeleka kule.

Alisoma shule za misheni, kisha akaingia katika Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja. Chuo hicho kilitoa walimu, mapadre, wakarani na wakalimani walioenea Afrika ya Mashariki yote. Kijana aliyetoka Kiungani alijua Kiingereza sawasawa na Kiswahili safi, aliweza kupiga hesabu na kuandika barua isiyohitaji kusahihishwa, na tena alijua adabu ya kukaa na watu wa mataifa mengi. Kayamba alifundisha kwa muda mfupi, kisha akaiacha kazi ya ualimu akaingia katika kazi ya Serikali. Alifanya ukarani katika nchi ya Kenya na Uganda, katika siku zile ambapo reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika ziwani na miji mipya inaota kando yake. Alijionea mwenyewe jinsi Kenya ilivyotawaliwa. Aliona Wazungu walowezi wakipewa ardhi ya juu yenye baridi na rutuba, na Waafrika wakisukumwa kando. Nadhani mambo aliyoyaona katika ujana wake hakuyasahau, na siku moja yalikuja kumfaa kuliko vyeti vyake vya shule.

Mwaka 1914 alikuwa amevuka na kuingia upande wa Wajerumani, pande za Tanga, ili kujaribu biashara. Wakati huo ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote wa kufanya jambo kama hilo. Mwezi wa Agosti vita kuu ikaanza huko Ulaya, na mwezi wa Novemba Waingereza walileta jeshi kwa meli kuishambulia Tanga, wakashindwa vibaya, wakarudi baharini. Baada ya hapo Wajerumani walimtazama kila mtu ajuaye Kiingereza kwa jicho la mashaka. Kayamba alizaliwa Unguja, alisoma kwa Waingereza, alifanya kazi kwa Waingereza. Ni ushahidi gani zaidi uliotakiwa? Akashukiwa kuwa mpelelezi, akafungwa.

Hakuwa peke yake. Walimu wengi Wakristo wa misheni za Kiingereza walikamatwa katika miaka ile, wa UMCA huko Bonde na wa misheni ya CMS hapa kwetu Ugogo. Walichukuliwa kwa miguu, wakalazwa vifungoni, wakapigwa, wakatumikishwa, na baadhi yao hawakurudi. Walishtakiwa kwamba wanawapa Waingereza habari na ishara. Ndugu zetu wa Kanisa la Anglikana wanazijua habari hizo vizuri, maana ni habari za babu zao.

Sisi Walutheri hatupendi sana kuzisimulia, kwa kuwa waliowafunga walikuwa watu wa taifa lile lile lililotuletea Injili. Lakini yafaa zisemwe, tena pamoja na habari za upande wa pili. Vita ilipokwisha, wamisionari Wajerumani nao walikamatwa na Waingereza, na mwaka 1920 wakaondoshwa katika nchi, na sharika zetu nyingi zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika ambao hawakuwa na mshahara wala mchungaji. Katika vita hiyo Mwafrika Mkristo aliumia kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto, na kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alijifunza kusoma katika kitabu cha Mzungu huyu, na si cha Mzungu yule.

Kayamba alipata uhuru mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yalipowasukuma Wajerumani kuelekea kusini. Alirudi Tanga, akaanza kuwatumikia watawala wapya, kwanza kwa kazi ya ukalimani.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nigeuke kidogo, niitazame nchi yetu ya Ugogo katika miaka ile ile, maana bila hiyo habari ya Kayamba haitaonekana uzito wake. Majeshi yote mawili yalipita hapa. Reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, iliwaleta askari, na askari hula. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha Waingereza wakachukua tena palipobaki. Halafu mvua zikakosekana. Ndipo ikaja njaa ile ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, iliyoshika tangu mwaka 1917 hata 1920, na katikati yake ukaja ugonjwa wa mafua makali ya mwaka 1918. Wanahistoria hukadiria kwamba katika watu wa Ugogo 150,000 hivi walikufa 30,000. Hesabu hiyo ni kama kusema katika kila nyumba ya watu watano amekufa mmoja. Wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa nafaka. Watu waliacha nyumba zao wakaenda kutafuta chakula katika nchi za jirani, wakafa njiani.

Nani alisema kwa ajili yao? Nani alikwenda mbele ya wakubwa na kueleza kwamba mtama uliochukuliwa ulikuwa mbegu, na kwamba vijana waliochukuliwa ndio waliokuwa walimaji? Watemi walisema na Bwana Shauri, naye aliandika ripoti, nayo ilikwenda Dar es Salaam, basi. Nchi isiyo na msemaji hufa polepole, na mwenye kuandika ripoti huijua idadi baada ya mazishi.

Tanga haikupatwa na mambo kama hayo, na Kayamba hakuwa na kazi Ugogo. Lakini yeye na wenzake wa umri ule, watu waliosoma na walioonja kifungo, walianza katika miaka hiyo hiyo kutafuta njia ya Mwafrika kusema na kusikiwa. Mwaka 1922, huko Tanga, Kayamba aliwakusanya wakarani na watumishi wenzake wa Serikali, wakaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika, naye akawa rais wake. Kwa nje chama hicho kilikuwa kitu kidogo tu. Wanachama walikuwa makumi machache. Walisoma magazeti pamoja, walicheza mpira, walisaidiana katika shida, waliandika barua za adabu juu ya mishahara na heshima ya kazi yao. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo jipya. Wakristo na Waislamu waliketi meza moja, na Mbondei na Myao na Mzigua na mtu wa Unguja waliitana kwa jina moja, Waafrika. Wakati ule misheni nyingi, pamoja na zetu, hazikuwahi kufikiri hivyo. Sisi tulikuwa tukijenga kanisa la Wachaga, na kanisa la Wasambaa, na kanisa la Wazaramo, kila moja kwa lugha yake na kwa misheni yake; kazi njema, lakini ilikuwa na kuta.

Mwaka 1929 likaundwa Dar es Salaam shirika la African Association, lenye watu wa mfano ule ule, likiwa wazi hata kwa wasiokuwa watumishi wa Serikali. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, naye alilelewa na UMCA kama Kayamba. Na katibu alikuwa Kleist Sykes. Shirika hilo lilikuja kuwa TAA, na TAA ikawa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hivyo mwenye kufuata mto wa siasa za nchi hii mpaka juu, chemchemi mojawapo ataikuta katika chumba cha makarani cha Tanga.

Mwaka 1923 Kayamba alikuwa amekwisha kufanywa karani mkuu wa boma la Tanga. Tusilidharau neno hilo karani. Siku hizo kazi nyingi za namna hiyo zilishikwa na Wahindi na Wagoa, na Waafrika walipewa zile za chini, tena kwa mshahara mdogo. Karani mkuu ndiye aliyejua faili liko wapi, kodi imefika kiasi gani, jumbe gani analalamikiwa, na barua gani imejibiwa na ipi imelala. Bwana Shauri aliweza kuhamishwa baada ya miezi michache, lakini karani alibaki. Mwenye shauri bomani alimtafuta kwanza karani, na karani mwovu alijua kuugeuza mlango huo kuwa duka. Juu ya Kayamba sifa yake ilikuwa bidii na uaminifu, na Serikali ikampa nishani ya M.B.E. Alitiwa pia katika kamati ya kuishauri Serikali juu ya elimu ya Waafrika, jambo alilolipenda kwa moyo wake wote.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa la maisha yake.

Baada ya vita Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza kama Kenya. Ilikuwa imewekwa chini ya uangalizi wa Shirika la Mataifa, na Uingereza ilikabidhiwa kuitawala kwa ajili ya manufaa ya wenyeji. Lakini walowezi wa Kenya na baadhi ya wakubwa wa London walitamani kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe chini ya utawala mmoja. Tume ya Hilton Young ilitumwa kulichunguza shauri hilo, na baada yake mashauri yakaendelea. Gavana wa Tanganyika wa siku hizo, Sir Donald Cameron, hakuupenda muungano huo. Wenyeji nao waliogopa, na hofu yao haikuwa ya bure. Walijua kwamba mkubwa katika muungano angekuwa Kenya, na Kenya ilikuwa nchi ya walowezi, na ya kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa nacho, na ya ardhi iliyokatwa na kugawanywa.

Ndipo Bunge la Uingereza likaweka halmashauri ya wajumbe wa nyumba zake zote mbili, ichunguze na kusikiliza mashahidi. Ikaamuliwa kwamba Waafrika nao wasikilizwe. Mwaka 1931 Tanganyika ikapeleka watatu: Mtemi Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, aliyekuwa katibu wa baraza la watawala wa Buhaya, na Martin Kayamba wa Tanga. Mmoja mtemi, mmoja mtu wa baraza, mmoja karani.

Naomba msomaji afikiri safari hiyo ilivyokuwa. Leo kijana wetu huenda ng'ambo kwa ndege usiku mmoja, akarudi akasema amechoka. Wale walikwenda kwa meli majuma kadhaa. Walifika katika mji ambao watu wake walikuwa wengi kuliko watu wa Tanganyika nzima, wenye treni zinazopita chini ya ardhi. Katika hayo yote hawakwenda kutembea, walikwenda kuulizwa. Waliketi Westminster mbele ya malodi na wabunge ambao kila mmoja wao alikuwa amezaliwa katika kutawala, nao wakaulizwa juu ya nchi yao na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona.

Hawakuwa Waafrika peke yao waliofika. Kutoka Kenya walikuja Koinange wa Mbiyu, na Ezekiel Apindi, na James Mutua. Kutoka Uganda alikuwako Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, aliyejibu kwa Kiingereza kizuri akawastaajabisha wengi. Na alikuwako London mwaka huo huo kijana mmoja wa Kikuyu aliyetumwa na chama chake, ambaye hakupewa nafasi ya kusema mbele ya halmashauri. Jina lake siku hizo lilikuwa Johnstone Kenyatta. Naye alibaki Ulaya miaka kumi na mitano. Kwa hiyo tukiwasifu waliosikilizwa tukumbuke pia kwamba mlango ulikuwa na bawabu, na bawabu alichagua nani aingie.

Kayamba na wenzake waliukataa muungano. Hawakupiga kelele wala hawakutukana. Walieleza kwa taratibu kwamba watu wa Tanganyika hawataki kuunganishwa na Kenya, na kwamba wanapenda nchi yao ibaki kama ilivyo. Mwaka huo huo halmashauri ilitoa ripoti yake, nayo ilikuwa kwamba wakati wa muungano haujafika. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba neno la Waafrika watatu ndilo lililoangusha shauri hilo. Zilikuwako sababu nyingine kubwa: umaskini ulioshika ulimwengu wote katika miaka ile, gharama, mapatano ya Shirika la Mataifa, na mabishano ya Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Lakini neno lao liliandikwa katika kumbukumbu za Bunge, na ripoti ilipotoka hakuna aliyeweza kusema kwamba Waafrika wa Tanganyika walinyamaza. Katika Mtunya hakuna neno lililoandikwa kwa mkono wao.

Wakatekista wetu wanamjua Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alikuwa mateka wa taifa lililoshindwa, akipeleka kikombe mezani pa mshindi, na siku alipoulizwa kwa nini uso wake una huzuni aliogopa, lakini alisema. Kazi ya namna hiyo haina fahari. Mnyweshaji hali meza ya mfalme, wala watu wake walioko mbali hawamwoni kama mwenzao. Nikisoma habari za Kayamba namfikiri yule mnyweshaji mara nyingi.

Aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichochapwa mwaka 1932, ili watu wa kwao wapate kuona kwa macho yake. Ni jambo la kupendeza kwamba mtu aliyejua Kiingereza hivyo aliona vema kuwaandikia watu wake kwa lugha yao. Habari zake mwenyewe alizieleza kwa Kiingereza, nazo zikatiwa katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi kilichotengenezwa na Margery Perham mwaka 1936.

Mwaka 1932 akapandishwa, akapelekwa katika ofisi kuu ya Serikali, Dar es Salaam, akawa katibu msaidizi. Katika Tanganyika hapakuwa na Mwafrika mwingine aliyeshika cheo cha juu kama hicho. Wengi walifurahi. Mimi, kwa kusoma habari zake, naona kwamba miaka hiyo ndiyo iliyokuwa migumu kuliko ile ya Tanga. Huko Tanga alikuwa mkuu wa chumba chake na rais wa chama chake, na watu walimjua. Dar es Salaam alikuwa Mwafrika mmoja katika nyumba ya Wazungu. Aliulizwa mawazo ya Waafrika, lakini uamuzi haukuwa wake. Tena siasa ya Serikali tangu mwaka 1926 ilikuwa kuwatawala watu kwa njia ya watemi na majumbe wao, na mtu msomi wa mjini hakuwa na mahali katika mpango huo. Cheo cha Kayamba kilikuwa kiti kimoja, hakikuwa ngazi, na nyuma yake haikuonekana safu ya wengine wakipanda.

Mtu aliyekaa mahali kama hapo hakosi kusemwa. Wengine humhesabu kuwa mtu wa Serikali mno, aliyeridhika na nishani na cheo. Nami sitaficha kwamba hakudai uhuru, wala hakuwaza, kwa kadiri maandiko yake yanavyoonyesha, kwamba Mwafrika angeweza kujitawala upesi. Alitumaini elimu, na kazi, na subira, na wema wa Waingereza. Katika tumaini la mwisho alitegemea mno, nadhani. Lakini ni rahisi kwetu sisi tuliozaliwa baada ya mwaka 1961 kumpima mtu huyo kwa kipimo chetu. Alikwisha kuona gereza la Mjerumani, na alikwisha kuona Kenya. Alijua kwamba chini ya mtawala mgeni kuna mabaya na kuna mabaya zaidi, akatumia akili yake yote na Kiingereza chake chote kuizuia nchi isitoke katika haya ikaingia katika yale. Sijui kama mimi ningefanya zaidi.

Afya yake haikudumu. Alifariki dunia bado hajatimiza miaka hamsini. Maandiko yake mengine mawili ya Kiingereza yalichapwa mwaka 1948, baada ya kufa kwake, moja juu ya mambo yanayowatatiza Waafrika, na jingine juu ya safari yake ya Ulaya. Mwaka huo huo Waingereza walianzisha utawala wa mambo ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, reli na posta na mengineyo, na kila nchi ikabaki na serikali yake.

Mwaka 1945 yalitokea mambo mawili ambayo yeye hakuyaona. African Association ilifanya mkutano wake mkuu hapa Dodoma, wajumbe wakashuka katika stesheni yetu kwa treni kutoka pande nyingi. Na mwaka ule ule Waafrika wawili wa kwanza waliingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mmoja alikuwa Mangi Abdieli Shangali wa Machame, Mlutheri mwenzetu. Wa pili alikuwa Kidaha, mtemi kijana wa Usiha, mwana wa yule Makwaia aliyeketi pamoja na Kayamba kule Westminster.